Umeweka njia kwa GPS ya baiskeli na haionekani? Usikimbilie kulaumu kifaa

Ijumaa jioni kwa magrupu ya waendesha baiskeli hapa Kisumu, na Nakuru nasikia ni vile vile, mtu anatuma faili ya njia ya Jumapili, jina lake linaishia na .gpx, halafu maswali yanaanza kumiminika. Mbona yangu haifunguki? Hii inataka bando? Nimeiweka kwa Garmin, hii GPS yangu ya baiskeli, lakini siioni. Mimi naona laini tu, barabara hakuna. Na hakosi mmoja wa kusema yake inamwonyesha safari inaanzia Baringo na yeye yuko Nakuru amekaa sebuleni. Wajuaji wanajibu kila mtu na lake, mwisho wa yote mnaambiana tufuate tu aliye mbele, na wengine wanalala wakiamini waliuziwa feki.

Mara nyingi si feki. Shida ni kwamba kuna vitu vitatu tofauti ambavyo tumezoea kuvibandika jina moja la "GPS": kujua uko wapi, ramani, na njia. Kila kimoja kinatoka kwake na kila kimoja kinaweza kukosekana wakati vile vingine vipo, ndio maana ukiuliza swali bila kusema ni kipi kati ya hivyo vitatu utapewa majibu kumi na hakuna hata moja la kukusaidia.

Tuanze na kujua uko wapi, manake hapo ndipo stori ya bando inapotokea. Setilaiti za GPS ni za Marekani, ziko juu huko kilomita kama 20,200, na vifaa vya siku hizi husikiliza pia za Urusi, za Ulaya na za Uchina. Kifaa chako hakitumi kitu chochote huko juu, kazi yake ni kusikiliza tu. Kikisikia angalau setilaiti nne kinapiga hesabu ya muda ambao mawimbi yamechukua kufika na kinajua kiko wapi. Hakuna laini ya simu hapo, hakuna bando, hakuna mtu anayekukata pesa. Unaweza kuwa katikati ya msitu wa Kakamega bila mtandao wowote na bado kikakuonyesha, labda mshale utayumba kidogo kwa sababu ya miti. Wengi tumechanganywa na simu: ukifungua Google Maps bando inaenda, lakini inaenda kwa kupakua ramani, si kwa kujua uko wapi.

Ramani sasa ndio ile michoro ya barabara, mito na miji, na kwa kifaa cha baiskeli inakaa ndani ya memori kabla hujatoka nyumbani. Vile vidogo kama Garmin Edge 130 havina ramani kabisa na havikutengenezwa kuwa nayo, vinakuonyesha laini kwenye skrini tupu na mshale wako basi. Vikubwa kama Edge 530 au 1030 vina ramani, lakini huwa ni ya sehemu kilikouzwa. Na sisi hapa tunajuana, vifaa vingi vinatufikia vikiwa vimetumika tayari, vimetoka Ulaya au Marekani, kwa hivyo unakuta GPS inajua kila kichochoro cha Uholanzi halafu ukifika Ahero inakuonyesha weupe mtupu na laini moja imepita katikati. Hiyo GPS ni nzima kabisa. Imekosa ramani ya Kenya tu.

Dawa iko na ni ya bure. OpenStreetMap ni ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima, hata Kibera kule Nairobi ilichorwa humo na vijana wa pale pale kuanzia 2009. Tovuti ya BBBike inakukatia kipande unachotaka, tuseme kuanzia Nakuru hadi mpaka wa Busia, ikupe kikiwa tayari kwa Garmin, faili inayoishia na .img. Hiyo unaiweka ndani ya folda inayoitwa Garmin kwenye kifaa. Kabla ya kuiweka angalia kama kuna nyingine yenye jina lile lile, mara nyingi ni gmapsupp.img, na ukiikuta badilisha jina la yako usije ukaifunika ya kwanza ukaanza kulia.

Ndani ya faili kuna nini hasa

Hii sehemu watu huiruka na ndiyo yenye majibu mengi. Faili ya GPX ni maandishi ya kawaida. Ilianza 2002, na toleo tunalotumia hadi leo ni la 2004, kwa hivyo si teknolojia ya kutisha. Ifungue kwa Notepad hivi hivi, utaona kitu kama hiki:

<trkpt lat="-0.0917" lon="34.7680"><ele>1145</ele></trkpt>

Hiyo ni nukta moja, na hiyo nukta iko Kisumu mjini. Namba ya kwanza inasema uko kaskazini au kusini mwa ikweta kwa kiasi gani, ya pili inasema uko mashariki kiasi gani, ya tatu ni urefu kutoka usawa wa bahari kwa mita. Chini yake kuna nukta nyingine, halafu nyingine, mamia au maelfu, hadi safari iishe. Hakuna jina la barabara. Hakuna mahali pameandikwa hapa ni lami, hapa ni shamba la miwa, hapa daraja limebebwa na maji. Kifaa kinachofanya ni kuunganisha hizo nukta kwa laini, na ndio maana kifaa kisicho na ramani bado kinaweza kukuongoza vizuri tu.

Hebu iangalie tena ile alama ya kutoa mbele ya 0.0917. Kwa wenzetu wa Ulaya hiyo alama si ya kuwasumbua upande wa kaskazini na kusini, wao wako kaskazini wote. Sisi huku ikweta inatupitia katikati. Kisumu na Nakuru ziko kusini, Kakamega na Eldoret ziko kaskazini. Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega faili yako inaanza na alama ya kutoa, na ukishavuka ikweta inatoweka yenyewe, hilo ni sawa kabisa. Sasa ichukue faili ambayo mtu ameipitisha kwa programu fulani ya kubadilisha, au amenakili namba kwa mkono, na ile alama ikapotea njia nzima. Kisumu inarushwa kaskazini kama kilomita 20 kutoka mahali pake, na laini yako inaonekana ikishuka hadi ikweta halafu inageuza kupanda tena, umbo la ajabu ambalo hakuna barabara inalo. Nakuru ndio mbaya zaidi: iko karibu -0.30 na 36.07, ukiondoa alama ya kutoa inahamia kilomita 66 hivi upande wa kaskazini, na hapo ndipo utakuta Ziwa Bogoria. Yule msee wa sebuleni aliyeambiwa safari inaanzia Baringo sasa ameelewa. Kifaa hakijakosea hata kidogo, kimesoma kilichoandikwa.

Kosa hili lina ndugu yake, nalo ni la namba kubadilishana nafasi. Google Maps haikupi GPX. Ukichora njia kwa ile huduma yao ya kujichorea ramani itakupa aina nyingine ya faili, KML, na ndani ya KML namba zinaandikwa kinyume, ya mashariki inatangulia ndipo ifuate ya kaskazini na kusini. Programu nzuri ya kubadilisha inajua hilo na inazigeuza. Mbaya, au mtu mwenye haraka, haigeuzi, na Kisumu inakuwa 34.77 kaskazini, yaani unatafuta mtaa wetu wa Kondele kaskazini magharibi mwa Algeria. Ubaya zaidi kifaa hakitalalamika manake 34.77 kaskazini ni mahali halali kabisa duniani, kitakuambia tu uko mbali sana na mwanzo wa njia, kilomita elfu kadhaa. Ukiona umbali wa namna hiyo usianze kuzima na kuwasha, fungua faili uangalie hizo namba mbili.

Kingine cha ndani ya faili. GPX inaweza kubeba aina tatu za vitu: nukta za pekee yake, yaani sehemu kama hoteli au kisima, njia ya vituo vichache ambapo kifaa kinaachiwa kazi ya kutafuta barabara kati ya kituo na kituo, na laini kamili yenye nukta zilizoshikana. Ya kati ndiyo inaleta ugomvi wa barabarani. Mmetumiwa faili moja, vituo ni Kisumu na Kericho, GPS ya mmoja inampitisha Ahero na Awasi, ya mwingine inamtupa upande wa Chemelil na Muhoroni, na kila mtu anaapa anafuata faili. Wote wanafuata, ila kila kifaa kimejitafutia njia kwa ramani yake. Ukiwa ndiye unayetuma kwa grupu tuma laini kamili, ambayo kwenye tovuti nyingi utaikuta imeandikwa Track. Ile ya Route waachie.

Mbali na GPX utakutana na TCX na FIT. TCX ni ya Garmin, nayo ni maandishi, na uzuri wake ni kwamba inaweza kubeba maelezo ya kona: hapa kushoto, hapa kulia, hapa kuna maji. FIT pia ni ya Garmin lakini hiyo ukiifungua kwa Notepad utaona takataka tupu, haijaandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu, ni ndogo na ndiyo kifaa chenyewe kinapenda kutumia. Kama una kifaa kisicho na ramani na unataka kilie kabla ya kona, GPX peke yake haitoshi, omba TCX. Tovuti ya kuchora njia ya Ride with GPS kwa mfano inakuruhusu kuchagua ukiwa unatoa faili.

Waya, folda, na kwa nini ukikopi bado haionekani

Kabla ya chochote, waya. USB ya kawaida ina nyaya nne ndani, mbili za moto na mbili za kupitisha data. Waya nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani zimewekewa zile mbili za chaji tu, kwa hivyo GPS inachaji vizuri, taa inawaka, na kompyuta haina habari kama kuna kitu kimechomekwa. Watu wameformati laptopu kwa sababu ya hii. Jaribu waya nyingine kwanza, moja ambayo unajua imewahi kuhamisha picha. Vifaa vya zamani kama Edge 500 vinatumia ule mdomo mnene wa mini, vya katikati ule wa simu za kitambo, vipya kama 540 na 840 ni wa Type-C.

Ikishashika, Garmin za zamani zinatokea kwa kompyuta kama flashi. Ndani utaona folda ya Garmin, na ndani yake folda nyingi ikiwemo NewFiles na Courses. Hapa sasa ndipo watu wengi wanapotea, manake Courses ndiyo jina linaloonekana lina maana, si ndio, njia ni course, basi wanabandika GPX humo na wanachomoa na hakuna kinachoonekana.

Pale NewFiles ni kama mashine ya posho. Unaacha mahindi, unarudi kuchukua unga. Unaweka GPX au TCX ndani ya NewFiles, unachomoa, kifaa kinapowaka kinaichukua, kinaisaga iwe FIT, na unga wake kinaupeleka Courses. Ukibandika GPX moja kwa moja kwa Courses umemwaga mahindi mazima kwa sufuria na unangoja ugali. Halafu baadaye ukirudi kuangalia NewFiles utaikuta iko tupu, na hapo ndipo mtu anapiga simu akisema faili imefutika. Haijafutika, imeshasagwa, nenda kwa menyu ya njia za kifaa uitafute humo kwa jina.

Na hilo jina, chunga. Jina la ndani ya faili na jina la nje si lazima lifanane. Faili inaweza kuitwa Jumapili.gpx kwa simu yako, lakini ndani aliyechora aliandika "Untitled" au jina la njia yake ya mwaka jana, na kifaa mara nyingi kinaonyesha la ndani. Kabla hujasema haipo angalia umbali. Kama ride ni kilomita 84 na kuna kitu kinaitwa Untitled chenye kilomita 84, ndiyo hiyo.

Ikikataa kusagika kabisa, mara nyingi ni moja kati ya haya. Faili ilikuja nusu kwa sababu mtandao ulikatika ukiipakua. Au Windows imekuficha: kwa kawaida haionyeshi mwisho wa majina ya faili, kwa hivyo unayoiona kama Kakamega.gpx kumbe ni Kakamega.gpx.txt, na kifaa hakitaki kabisa habari ya .txt. Hii hutokea sana mtu akifungua faili "aone kuna nini" halafu akaisevu upya. Washa ile sehemu ya kuonyesha mwisho wa majina, ufute hiyo .txt, umemaliza. Au nukta ni nyingi kupita uwezo wa kifaa cha zamani, hasa kama mtu amekutumia safari yake aliyorekodi kila sekunde siku nzima. Kuna tovuti za kupunguza nukta, na laini inabaki ile ile kwa macho.

Kuchomoa nako. Kompyuta ikikuambia imemaliza kukopi si kila mara imemaliza kweli, inaweza kuwa bado imeshikilia kipande kwa memori yake inangoja kukiandika. Ukivuta waya hapo faili inabaki nusu, na siku mbaya folda nzima ya kifaa inaharibika. Ile kazi ya kubonyeza Eject kwanza si madoido.

Wale wa Garmin mpya, kuanzia kizazi cha 1040, 840 na 540, mtaona kitu tofauti. Hizo hazijitokezi kama flashi, zinajitokeza kama simu ya Android. Windows inazifungua bila shida, folda ni zile zile. Mac ndio kizaazaa: unachomeka na hakuna kitu kinachotokea kwa skrini, watu wanakimbilia kusema mdomo umeharibika. Mac yenyewe haijui lugha hiyo, unahitaji programu kama OpenMTP, ambayo ni ya bure. Na kwa wanaotumia saiba: fanya tu, lakini ukirudi nyumbani skani kifaa kabla ya kukifungua kwa laptopu yako. Virusi vya saiba haviwezi kuiendesha GPS, ila vinajua kupanda juu yake kama vile vinavyopanda flashi na kusafiri nayo hadi kwako.

Na kama sina kompyuta?

Basi tumia simu, na kusema ukweli kwa wengi hii ndiyo njia rahisi. Faili imekuja kwa WhatsApp, unaibonyeza, unachagua kuifungua kwa apu ya kifaa chako: Garmin Connect, ya Wahoo, Bryton, iGPSPORT, kila kampuni ina yake. Apu inaisoma, unaisevu, halafu unabonyeza ipelekwe kwa kifaa kupitia Bluetooth. Hapa ndipo bando inapoingia, na ni hapa tu, manake apu nyingi zinapandisha faili kwa akaunti yako ya mtandaoni kwanza ndipo ishuke kwa kifaa. Faili za namna hii ni ndogo, hazifiki hata ukubwa wa picha moja mara nyingi. Fanya hii kazi Jumamosi ukiwa nyumbani. Kuna watu wanaanza kuifanya saa kumi na mbili asubuhi kwa mduara mkisubiri kuondoka, simu iko asilimia 6, na kifaa kinataka kupakua toleo jipya la programu. Tuwaache hapo.

Ukitumia Strava, ile apu ya kurekodi safari, unaweza kuunganisha akaunti zako na njia ulizoziwekea nyota zikaenda zenyewe kwa Garmin, lakini kuchora njia kwa Strava kunataka ulipie. BRouter na Ride with GPS zinakuwezesha kuchora bila kulipa, na kwa mtu wa ride moja kwa wiki hiyo inatosha kabisa.

Iko ndani sasa, mbona inalia lia?

Inaonekana, umebonyeza kuanza, na kila dakika mbili inakupigia kelele ati umetoka kwa njia na wewe uko juu ya lami ile ile. Laini imechorwa kwa ramani ambayo inaweza kuwa imekosea mita chache, na GPS yako nayo inakosea mita chache, mkikosea pande tofauti kifaa kinadhani umepotea. Kingine ni kwenda na kurudi kwa barabara moja. Mmetoka Kisumu hadi Maseno mkarudi, nukta za kwenda zimelala juu ya za kurudi, na kifaa hakijui uko kwa zipi, kinaweza kukuambia umebakisha kilomita 3 wakati ndio kwanza umetoka. Kata faili iwe mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Na kwa vifaa vyenye ramani, zima ile sehemu ya kujitafutia njia upya ukitoka nje ya laini. Mkiwa grupu hiyo sehemu haina faida yoyote, ukisimama kununua maji ng'ambo ya barabara tayari imekupangia safari mpya.

Urefu wa mlima nao usiupiganie. Faili inasema mtapanda mita 1,200, kifaa cha mmoja kimesoma 1,050, cha mwingine 1,400. Tovuti nyingi za kuchora njia zinatumia vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, ambapo sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia ilipimwa kwa vipande vya mita 30 hivi. Kwa tambarare ya Kano hilo halina shida. Kwa ule ukuta wa Nandi, ambapo barabara imechongwa kando ya mteremko, nukta ikiruka mita 20 pembeni imeangukia bondeni au imepanda kwa jabali, na hesabu inakuongezea milima isiyokuwepo. Kifaa chenyewe kinatumia mgandamizo wa hewa, na mvua ikibadilisha hewa ya mchana namba inahama. Kupanda ni kupanda, Ziwa Victoria liko mita 1,135 hivi na Nandi Hills inakaribia 2,000, miguu itajua.

Jambo ambalo mimi naona halisemwi vya kutosha ni kwamba tovuti ikikuchorea njia haimaanishi kuna njia. Inachukua mistari iliyo kwenye OpenStreetMap, na mstari uliochorwa huko unaweza kuwa kijia cha mbuzi, au barabara ya kuingia shamba la chai ambayo ina geti na askari. Kule Kano kuna barabara ambazo Januari ni nzuri kuliko lami, na Aprili ule udongo mweusi unashika tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Kabla ya kutumia watu arobaini faili, fungua picha za setilaiti uifuate laini kwa macho, na upigie simu mtu anayeishi huko. Hata mashindano makubwa, kama lile la Migration Gravel Race kule Maasai Mara lililoanza 2021, ambako washiriki hupewa faili za njia, kuna watu wanaopita hiyo njia kwanza.

Kabla hujatuma ya kwako

Wengi hawachori njia, wanatuma safari yao ya wiki iliyopita. Ni sawa, na hata ni bora manake unajua inapitika. Lakini faili ya safari iliyorekodiwa ina zaidi ya nukta: kila nukta ina saa na tarehe, mara nyingine na mapigo ya moyo. Nukta ya kwanza ni geti lako, na saa iliyoandikwa hapo ni saa unayotoka nyumbani. Mtu akiwa na faili zako kadhaa za Jumapili anajua unaishi wapi na nyumba inabaki bila wewe kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na baiskeli ya bei gani inalala humo anaweza kukisia. Si maneno ya kutishana: Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya Strava iliyokusanya safari za watumiaji ilikuwa inaonyesha waziwazi mahali wanajeshi wanafanyia mazoezi ndani ya kambi zao.

Na ile sehemu ya kuficha nyumbani uliyoweka kwa Strava inafanya kazi ndani ya Strava tu. Ukiichukua faili yako nzima ukaitupa kwa WhatsApp imeenda na kila kitu. Iingize kwanza kwa tovuti ya kuchora njia, ukate kilomita ya kwanza na ya mwisho, uanzishe safari kwa petroli stesheni au mduara mnaokutania, kisha uitoe upya kama njia. Ikitoka upya namna hiyo haibebi saa wala moyo, inabeba nukta tupu, na ni ndogo zaidi kwa wenye vifaa vya zamani.